Taa Nyekundu ya Mzee Emil

Risasi ya kwanza haikugusa hata karatasi. Naibu sherifu Gus Zapalac alishusha bunduki, akakodoa macho kule kwenye shabaha, halafu akatema mate pembeni.

"Labda ni wewe," mpelelezi Loretta Maresh alimwambia.

"Labda ni mimi? Loretta, mimi nilianza kupiga sungura kabla sijajua kusoma."

"Na kusoma kwenyewe mpaka leo ni kwa taabu. Piga tena."

Gus alilaza mtutu juu ya kiroba cha mchanga, akavuta pumzi, akapiga mara tatu mfululizo. Walitembea pamoja hadi kwenye shabaha. Risasi zote tatu zilikuwa zimekaa karibu karibu kama mayai kiotani, ila hazikukaa pale alipolenga. Zilitua chini, kushoto, kwenye ubao mtupu, umbali wa mkono mzima kutoka katikati ya karatasi.

"Bunduki haina ubaya," Gus alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Darubini ndiyo haikurekebishwa. Mtu ameifunga tu juu akaiacha hivyo."

Loretta alirudi mezani, akaichukua ile bunduki, akaigeuza juani. Ilikuwa mali ya marehemu Wade Tackett, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, aliyekufa usiku wa Jumapili katika shamba la mahindi la mkwewe. Na mkwewe, Mzee Emil Hruska, ndiye aliyepiga simu mwenyewe kwa sherifu: nimempiga Wade, nilidhani ni nguruwe. Katika maelezo yake alisema walikuwa wawili tu. Alikuwa ameazima bunduki ya Wade, akaangusha nguruwe mmoja, Wade akaenda kumvuta bila kusema, naye alipoona kitu kimeinama karibu na yule nguruwe akafyatua. Daktari alisema risasi iliingia chini ya kwapa la kushoto, pale pale ambapo mlengaji hodari angetaka iingie.

Kwenye reli ya bunduki, ule ukanda wa chuma wa kufungia darubini, nyuma kidogo ya mahali darubini hiyo ilipofungwa, kulikuwa na alama mbili pana za kubanwa, ziking'aa. Darubini hii ndogo ya kawaida isingeweza kuziacha. Kitu kingine, kizito zaidi, kilikuwa kimekaa hapo muda mrefu.

Sherifu Orsak alitoka ofisini na kikombe cha kahawa mkono mmoja na mkate mtamu wa jemu ya aprikoti mkono wa pili. Alikuwa mtu mwema, mvivu kidogo, na alimpenda Mzee Emil kama nusu ya kaunti ilivyompenda.

"Mmemaliza kunichezea risasi za serikali?"

"Sherifu, bunduki hii jinsi ilivyo haiwezi kumuua mtu kwa umbali ule. Ukimlenga kwapani unapiga udongo."

"Mzee aliidondosha alipoona alichofanya. Darubini ikapotea shabaha."

"Ingekuwa na mkwaruzo. Haina hata vumbi."

"Loretta, usinianze."

"Na taa je? Maelezo yanasema aliwasha taa yake ya kijani." Alibonyeza swichi ya taa iliyofungwa chini ya mtutu, akaiziba kwa kiganja. Ngozi yake ikawa nyekundu. "Hii ni kijani?"

Sherifu alimtazama kama mtu aliyeulizwa deni na mtoto. "Mzee wa miaka sabini na moja, kaua mume wa binti yake, na wewe unamkaba kwa rangi ya taa? Sikiliza. Saa nane mchana huu anakuja kukiri kosa mbele ya mwendesha mashtaka. Kuua kwa uzembe. Mimi niliomba waite ajali waache, yule kijana wa mjini hakutaka. Anasema uwindaji wa usiku umekuwa mchezo na lazima mtu mmoja afungwe ili wengine wafungue macho. Ataenda jela, na kwa moyo ule mgonjwa alio nao hatatoka hai. Unataka kumsaidia? Muache asaini kwa amani."

"Na kama si yeye?"

Sherifu aliacha kutafuna. "Basi una mpaka saa nane," alisema, akarudi ndani.

*

Duka la Lonnie Pustka lilikuwa kwenye uwanja wa mji, ukuta kwa ukuta na mwoka mikate, hivyo hata risasi zake zilinukia siagi. Lonnie alikuwa mtu wa kuongea mpaka mteja anasahau alichofuata. Loretta alimwomba amweleze jambo moja tu: mtu anayetaka kupiga nguruwe mwitu usiku anachagua nini, na kwa nini.

"Mama wee, kaa chini." Alipanga taa tatu juu ya kaunta, na darubini mbili kando yake. "Hawa wadudu wamefukua mahindi ya watu mpaka watu wanalia, kwa hiyo kila mmoja anakuja hapa na lake. Anayeanza anataka taa nyeupe. Namwambia ndugu yangu, ukimmulika nguruwe na nyeupe utamwona mkia tu. Hii nyekundu ndiyo wengi wanachukua, nguruwe hashtuki nayo, anaendelea kula. Ubaya wake haifiki mbali. Hii ya kijani inafika mbali, jicho la mtu linaipenda, ila nguruwe aliyekwisha kupigwa risasi chini yake anaijua. Ukiizima na kuiwasha ghafla, basi, umewapoteza. Unaiwasha pole pole."

"Kwa nje zinafanana."

"Pacha. Mwili mweusi ule ule, swichi ile ile. Mpaka utazame kioo."

"Mzee Emil huwa anachukua ipi?"

Uso wa Lonnie ulinyong'onyea. Alijifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. "Masikini Emil. Kijani. Siku zote kijani. Mwaka juzi nilimpa nyekundu kwa bei ya kutupa, kesho yake akanirudishia anafoka. 'Lonnie, umeniuzia mzoga, hii haiwaki!' Nikaiwasha hapa hapa, mbele ya watu, mwanga huo hapo ukutani. Anasema haiwaki. Watu wanacheka, yeye anazidi kufoka. Nikampa kijani, akaondoka anapiga mluzi. Nikasema, eh, uzee huu."

Loretta alikuwa amekulia shamba la pili kutoka kwa akina Hruska. Alikumbuka Bi Agnes, mke wa Emil, Mungu amrehemu, jinsi alivyokuwa akimfukuza mumewe bustanini kwa ufagio kila msimu wa nyanya. Emil akiambiwa achume zilizoiva, alileta kapu zima la mbichi. Watoto walidhani ni mzaha wa wazee.

Hakuwa akifanya mzaha. Mtu yule alikuwa haoni nyekundu.

"Na Wade?" aliuliza, akijikaza sauti isibadilike.

"Wade alinunua duka zima. Alianza na nyekundu, akaja kijani, akaja ile isiyoonekana kwa macho, ya kutumia na darubini ya usiku. Mwisho akapanda hii." Lonnie aliinua darubini nene, nzito, kama themosi fupi. "Ya joto. Hii haina haja ya taa hata moja. Ndani yake usiku ni kijivu, na chochote chenye joto ni cheupe. Nguruwe mweupe, ng'ombe mweupe, mimi na wewe weupe."

"Unamjuaje nguruwe, sasa?"

"Kwa umbo, kwa mwendo, kwa kuzoea. Anayeshika mara ya kwanza anaona madoa tu yanatembea. Na inajirekodi yenyewe, bunduki ikilia tu inaweka video, ya kabla na ya baada. Wade alikuwa anatuonyesha hapa kila Ijumaa, anaturudisha nyuma tuone nguruwe anavyopinduka. Mkewe, Darla, alishachoka. Si unakumbuka ile siku ya nyama choma ya kanisa? Darla alimmwagia saladi ya viazi kichwani, akamwambia mbele ya padri, 'Siku moja nitakupiga risasi mimi, ndipo utalala nyumbani!' Tulicheka sana." Aliilaza darubini juu ya kaunta. "Sasa haichekeshi."

"Haichekeshi hata kidogo," Loretta alisema, akaichukua ile darubini, akailinganisha na zile alama za reli alizokuwa amezipima. Zilikubaliana.

*

Alimkuta Mzee Emil kwenye baraza, amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia ya Jumapili. Miguuni pake palikuwa na mfuko mdogo wa nguo na chupa ya dawa za moyo juu yake. Alikuwa amejiandaa kuondoka moja kwa moja.

"Nimekuja kukuchukua, Mzee Emil. Lakini kwanza naomba tuingie kwenye lile banda la kuku la zamani. Dakika chache tu."

"Kuna nini bandani? Majani matupu."

"Nitakuonyesha. Darla yuko wapi?"

"Amelala. Daktari alimpa vidonge. Muache mtoto apumzike, Loretta."

Banda lilikuwa refu, la bati, halina madirisha. Loretta alifunga mlango, giza likawashika wote wawili. Alimpa bunduki, baada ya kumwonyesha nje kwamba haina risasi.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Na ndiyo taa uliyoiwasha usiku ule?"

"Nimeshasema. Hii hii. Ya kijani."

"Iwashe, umulike mwisho wa banda. Kuna nini kule?"

Swichi ililia. Mwanga mwekundu ulikimbia katikati ya marobota ya majani hadi ukuta wa mwisho. Mzee alisukuma uso wake kwenye darubini. Loretta alimsikia akihema, akisogeza bunduki kulia, akiirudisha kushoto.

"Betri imekufa," alisema hatimaye.

"Betri ni mpya. Kuna nini kule mwisho, Mzee Emil?"

"Hakuna kitu. Majani."

"Gus," Loretta aliita. "Sema."

"Nipo hapa, mzee." Sauti ya Gus, aliyekuwa ametangulia kujificha humo, ilitoka ukutani, katikati kabisa ya ule mwanga, kijana mkubwa wa futi sita na ushee, mikono juu. "Naomba ushushe hicho kitu hata kama ni kitupu."

Mzee alishusha bunduki. Loretta alifungua mlango, mwanga wa mchana ukaingia ukamkuta amesimama na macho yamejaa maji.

"Taa hiyo ni nyekundu," Loretta alisema. "Ulichukua mojawapo ya taa za Wade, mezani jikoni, ukadhani ni kama yako. Ukafungua darubini ya joto, ukaweka hii. Lakini kwa nyekundu wewe huoni hata mtu mzima aliyesimama mbele yako. Na hii darubini hata ungeona isingekufikisha popote. Hukumpiga Wade."

"Nilimpiga."

"Nani alikuwa na bunduki?"

"Mimi. Andika. Nimekwisha kula kiapo, unataka nini tena? Mimi ni mzee, Loretta, nina moyo mbovu, mke wangu yuko chini ya udongo. Nifungeni mimi. Nakuomba. Nilikubeba mgongoni wewe, ulipovunjika mguu ule mwaka, nikakubeba mpaka kwenu. Sijawahi kukudai kitu."

Loretta aliipokea bunduki kutoka mikononi mwake. "Nakumbuka," alisema. "Iko wapi darubini ya joto?"

"Baba?"

Darla alikuwa amesimama mlangoni, peku, na gauni la kulalia chini ya koti la mumewe. Nywele zilimshikana upande mmoja. Aliutazama ule mfuko wa nguo ambao baba yake alikuwa ameuning'iniza begani, halafu akamtazama Loretta.

"Mnampeleka wapi na nguo?"

"Rudi ndani, mwanangu."

"Jela," Loretta alisema. "Leo anakiri kosa. Mwendesha mashtaka anataka afungwe."

"Afungwe? Si ulisema mzee hafungwi kwa ajali? Baba, si ulisema watakuuliza maswali mawili wakuache?"

"Darla," Loretta alisema haraka, "kabla hujasema neno lolote, nisikilize. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili. Utakachosema hapa nitalazimika kukipeleka."

"Kipeleke basi! Ni mimi. Mimi ndiye niliyefyatua."

"Nyamaza!" Mzee alipiga kelele ambayo Gus alisema baadaye hakuwahi kuisikia kwa mtu huyo. "Amechanganyikiwa, vidonge hivyo, msimsikilize!"

Lakini Darla alikuwa ameshaanza, na maneno yalimtoka yote kwa mpigo kama mtu aliyeyashikilia mdomoni siku zote hizo. Wade alikuwa amembembeleza. Baada ya aibu ya kanisani alimwambia, usininunie, njoo nawe mara moja uone, labda utapenda. Akaenda. Wakakaa nyuma ya gari, Wade akamfundisha pa kutazama, wakacheka. Darla akampiga nguruwe mmoja, akaanguka, wengine wakatawanyika. Wade akamwambia kaa tayari, watarudi, mimi nakwenda kukojoa. Naye alidhani ameenda nyuma ya gari.

"Kila mtu anajua bunduki ikiwa juu huendi mbele yake," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa anawagombeza wenzake. Kumbe alikwenda kunivutia nguruwe wangu wa kwanza. Alikuwa ameinama. Kwenye ile darubini niliona tu kitu cheupe kimeinama karibu na cheupe kingine. Nikasema, wamerudi."

Gus alivua kofia.

Loretta alisikia jambo moja lililomkata maini. Yote hayo, yule nguruwe, yule mtu aliyeinama, lile kosa, yalikuwa kwenye maelezo ya Mzee Emil, tangu usiku wa kwanza. Uwongo alioutunga ndio uliokuwa ukweli. Alikuwa amebadilisha mpigaji tu.

"Kwa nini hukusema tangu Jumapili?" alimuuliza Darla.

"Baba alinichukua bunduki mkononi, akasema niachie mimi, usiseme neno. Nikasema haidhuru, maana video ipo. Nilidhani mmeshaitazama. Video haionyeshi nani amefyatua, inaonyesha kilichoonekana tu. Nguruwe wa kwanza, halafu Wade anatokea pembeni. Yeyote akiiangalia atajua nilikosea. Itazameni! Mtamwacha baba, na mimi mtaona wenyewe." Alimgeukia baba yake. "Baba, wape. Umeiweka wapi?"

Mzee Emil aliketi juu ya robota la majani pole pole.

"Mzee Emil," Loretta alisema. "Iko wapi?"

Hakunyanyua uso. Alinyoosha mkono tu, akaonyesha nje, nyuma ya nyumba. Gus alikwenda. Kulikuwa na pipa la kuchomea takataka, na Gus alirudi amebeba koleo, na juu ya koleo kilikuwa kitu cheusi kilichopondwapondwa kwa nyundo kwanza, kisha kikachomwa na dizeli mpaka kioo kikayeyuka na kushikana na chuma. Hapakubaki kitu cha kutazama wala cha kumpelekea mtu yeyote maabara.

Darla alikitazama kwa muda. Alikuwa haelewi, halafu akaelewa, na Loretta aliona kabisa lile wazo likimfikia.

"Kwa nini uliichoma?"

Mzee alikuwa akilia bila sauti.

"Baba. Kwa nini uliichoma? Ilikuwa ndiyo pekee... Ulidhani kuna nini ndani?"

"Ulisema, 'Nimemuua,'" alinong'ona. "Nilifika nikakukuta umesimama juu yake, ukasema, 'Baba, nimemuua.' Na ile siku kanisani..."

"Nilisema nimemuua kwa sababu nilikuwa nimemuua!"

Alisubiri baba yake aseme neno. Hakusema. Basi Darla alijifunga lile koti la mumewe, akapita katikati yao, akatembea peku kwenye changarawe hadi kwenye gari la sherifu, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaingia. Hakugeuka nyuma.

Loretta alimpa Gus ishara akae naye. Kisha alichutama mbele ya mzee, akamwondolea ule mfuko begani.

"Loretta." Alimshika mkono kwa nguvu za kushangaza. "Unamwamini, sivyo? Wewe unamjua tangu mdogo. Waambie ilikuwa ajali. Waambie unamwamini."

"Mimi namwamini, Mzee Emil," alisema. "Ila pale mahakamani wataketi watu kumi na wawili wasiomjua. Wataniuliza baba yake aliona nini, na alifanya nini. Niwaambie nini? Wewe uliyemzaa hukumwamini."

Mzee aliuachia mkono wake. Loretta alisimama, akachukua koleo na kile kitu kilichoungua, akakiweka ndani ya mfuko wa ushahidi, akaandika juu yake jina la Darla.